Ganzi haipendi kuchelewa: kwa wanaoogopa kiti cha meno

Wengi wa huku kwetu Kusini wanaoogopa kwenda kwa daktari wa meno hawaogopi kitu cha kufikirika. Waliumia kweli. Walichomwa sindano, wakaambiwa wafungue mdomo, na koleo lilipoanza kazi wakakiona cha mtema kuni. Tangu siku hiyo jino likianza kuuma wanatafunia upande wa pili, wanabandika karafuu, wanameza Panadol za duka la dawa mpaka shavu livimbe na usingizi upotee. Hapo ndipo wanapanda gari kwenda hospitali, Ligula ya Mtwara au Sokoine ya Lindi, na yaleyale yanawakuta tena.

Kinachowaumiza kwa sehemu kubwa ni huko kuchelewa kwenyewe, na sababu yake inaelezeka.

Ganzi inayotumika zaidi ni lignokeni ya asilimia 2. Inafanya kazi kwa kupenya ndani ya mshipa wa fahamu na kuzuia habari ya maumivu isifike kichwani. Ili ipenye vizuri inataka nyama isiyo na tindikali nyingi. Jino likioza hadi kwenye kiini, yaani nyama laini ya ndani ya jino, na usaha ukaanza, nyama ya pale inakuwa na tindikali, na sehemu kubwa ya dawa inabaki nje ya mshipa. Uvimbe nao unavuta damu nyingi, damu inaibeba dawa haraka kabla haijashika, na mishipa yenyewe imeshachokozwa kiasi kwamba inashtuka kwa jambo dogo. Jino lilelile, daktari yuleyule, miezi miwili nyuma, ganzi ingeshika barabara. Tena maumivu yakikata ghafla baada ya wiki ya mateso, usishangilie: mara nyingi kiini cha jino kimekufa, na usaha unaendelea kujijenga chini ya mzizi.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ya woga ni kwenda siku ambayo huumwi. Wengi husubiri malipo ya korosho yaingie ndipo wakumbuke meno yaliyokuwa yakiwasumbua tangu masika, na kufikia hapo kazi iliyobaki ni kung'oa tu. Nenda mapema, na ukifika sema hivi: "Dokta, leo naomba unitazame tu, usinifanye kitu. Naogopa sana." Hilo ni ombi la kawaida. Atatumia kioo kidogo na kijiti chembamba cha chuma, atagonga jino moja moja, pengine ataomba picha ya eksirei. Ni dakika chache. Unatoka ukijua jino lipi lina nini, litafanywaje, kwa bei gani, na kama bima yako inagharamia. Umeshakaa kwenye kile kiti na hakuna kilichokuuma, na mwili unalikumbuka hilo safari ijayo kuliko maneno ya kujipa moyo.

Kama tundu bado ni dogo, uliza kama linaweza kuzibwa kwa vifaa vya mkono, bila mashine. Njia hii ilianzia hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kwa ajili ya vijiji visivyo na umeme, na baadaye Shirika la Afya Duniani likaiunga mkono. Tabibu anakwangua sehemu iliyooza kwa kijembe kidogo, kisha anaziba kwa dawa inayoshikamana na jino yenyewe na kutoa floridi. Mara nyingi hata sindano haihitajiki. Kwa mtu anayetishwa na ule mlio wa mashine, sijui kitu kinachofaa zaidi ya hiki. Haifai kwa tundu lililokwisha kufika kwenye kiini, wala kwa jino lenye usaha, na ndiyo maana narudia kuhusu kuwahi.

Sasa siku ya kazi yenyewe.

Omba zamu ya asubuhi. Anayesubiri hadi saa nane mchana ameshaling'oa jino lake mara kumi kichwani. Usiende na njaa. Uji au chai na mihogo saa moja au mbili kabla inatosha, kwa sababu tumbo tupu linamrahisishia mtu kuzimia kitini. Kama ni mgonjwa wa kisukari, kula na meza dawa zako kama kawaida, na wa presha vilevile. Mwambie daktari kabla hajashika kitu: presha, sukari, moyo, pumu, ujauzito, mzio wa dawa, na dawa zozote za kuzuia damu kuganda. Hizo za kuzuia damu kuganda usiziache kwa uamuzi wako.

Pombe ya kujipa ujasiri acha kabisa. Msimu wa mabibo wapo wanaopita kwanza kwenye uraka, pombe ya mabibo, na wengine kwenye nipa, gongo yake, ndipo waende hospitali. Pombe inaongeza kutoka damu, inagombana na dawa za kutuliza, na daktari mwangalifu akiinusa atakurudisha nyumbani. Utakuwa umekwenda bure, na umerudi na jino lako.

Ukikaa kitini, kabla ya lolote, mpatane ishara. Mkono wa kushoto ukiinuka, anasimama. Kuwa na njia ya kusimamisha kazi kunapunguza woga kuliko kitu kingine chochote mle ndani, kwa sababu kinachotisha zaidi ni kulala chali mdomo wazi bila uwezo wa kusema. Ijaribuni mara moja mapema: inua mkono wakati anakutazama tu na kioo, uone kama kweli anasimama. Akisimama, utamwamini. Asiposimama, afadhali umejua mapema.

Halafu sindano. Bomba la chuma linaonekana kubwa, lakini kichupa cha dawa kilichomo ni mililita 1.8, haijai hata nusu kijiko cha chai. Sindano yenyewe ina unene wa kama milimita 0.3 au 0.4. Kinachouma sana si ncha kuingia, ni dawa kusukumwa kwa kasi. Kichupa kimoja kinastahili dakika moja au zaidi. Unayo haki ya kusema, "Dokta, naomba uisukume polepole." Kama wana jeli ya ganzi ya kupaka, iwekwe kwenye fizi iliyokaushwa na iachwe dakika moja hadi mbili, ikipakwa na kuchomwa papo hapo haisaidii kitu. Kwenye kaakaa, yaani paa la mdomo, jeli haifui dafu, kwa sababu nyama ya pale imebana na mfupa. Hapo omba abonyeze kwa pamba kwa nguvu kidogo kabla na wakati wa kuchoma. Na wewe funga macho. Hakuna faida ya kuangalia.

Mara baada ya sindano moyo unaweza kwenda mbio na mikono kutetemeka kidogo. Ganzi nyingi zina adrenalini ndani yake, inayobana mishipa ya damu ili dawa ikae mahali pake. Mapigo hayo hupita dakika chache. Wengi huyachukulia kama mzio, wakaandika vichwani mwao kwamba ganzi "hainipatani". Mzio wa kweli unakuja na vipele, kuwashwa, kuvimba au kubanwa pumzi, na ni nadra.

Kosa linaloharibu mambo kuliko yote linatokea hapa: kutosubiri. Foleni nje ni ndefu, daktari ana haraka, mgonjwa anaona haya kusema. Taya la juu mfupa wake una vinyweleo, dawa inapita kirahisi, na dakika 3 hivi zinatosha. Taya la chini, hasa magego, mfupa ni mgumu, kwa hiyo sindano inapigwa nyuma kabisa ya taya ili kukamata mshipa mkuu wa fahamu, na inahitaji dakika 5, wakati mwingine 10. Kuna kipimo unachoweza kujifanyia: kwa jino la chini, nusu ya mdomo wa chini upande huo lazima iwe nzito kabisa hadi katikati ya kidevu, kana kwamba si yako. Ikiwa unahisi ganzi kwenye ulimi tu, au mdomo unawashawasha tu, bado. Sema "bado" bila aibu. Sindano hiyo ya nyuma hukosa shabaha mara kwa mara hata kwa mikono mizuri, maana mshipa haukai sehemu moja kwa watu wote. Anaweza kurudia, anaweza kuongeza kidogo pembeni ya mzizi wa jino lenyewe. Na kama kuna usaha, anaweza kuutoa kwanza na kukupangia siku nyingine.

Kisha atagusa fizi kwa kifaa chenye ncha akuulize. Hapa ndipo ujue kutofautisha. Ganzi inaondoa maumivu, haiondoi msukumo. Utasikia kusukumwa, kuvutwa, taya kuelemewa, na wakati mwingine mlio wa kukwaruza unaopita kwenye mfupa hadi sikioni kama kitu kinavunjika. Hivyo vyote ni vya kawaida. Kitu kikali, cha kuchoma au cha kama umeme si cha kawaida: inua mkono. Ukilijua hili mapema, robo tatu ya kizaazaa cha kung'oa jino inaisha.

Na jino lenyewe halivutwi kwa ubavu kama watu wanavyodhani. Kwanza fizi inaachanishwa na jino kwa kifaa chembamba, kisha linalegezwa, halafu koleo linalishika chini karibu na mzizi na kulisukuma polepole nje na ndani hadi tundu la mfupa lipanuke. Kutoka kwenyewe ni sekunde. Daktari anayekawia kwenye kulegeza anakuhurumia. Na ile habari kwamba jino la juu likitolewa linaharibu macho, hapana. Mshipa wa kuonea hauna njia ya kupita kwenye gego.

Wanaozimia wakiona sindano au damu wana njia yao, tofauti na kupumua taratibu wanakoshauriwa wote. Kwao presha ndiyo inayoshuka. Wakaze misuli ya mapaja, tumbo na mikono kwa sekunde 10 hadi 15 mpaka uso uhisi joto, waachie sekunde 20 hadi 30, warudie mara tano, kabla tu ya sindano. Mkono wa bega lililo karibu na daktari uachwe umelegea. Kwa wengine, kuvuta pumzi puani kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita kunatosha. Wenye kichefuchefu kifaa kikigusa nyuma ya ulimi waombe kiti kisilazwe sana, wapumue kwa pua, wainue mguu mmoja na kuushikilia hewani. Akili ikishughulika na mguu, koo linatulia. Kaswida au taarabu kwenye simu ni sawa pia, ila sikio moja libaki wazi kwa daktari.

Kuna wanaoogopa magonjwa zaidi ya maumivu. Uliza, na uangalie. Sindano na kichupa cha ganzi ni vya mtu mmoja, vifunguliwe mbele yako. Vifaa vya chuma vinapikwa kwenye mashine ya mvuke, kwa kawaida nyuzi 121 kwa dakika 15 au nyuzi 134 kwa dakika zisizopungua 3, na pakiti zake zina alama inayobadilika rangi zikishapita kwenye mashine. Wanaoona aibu kwa sababu meno yameoza au yana ugaga mweusi wajue tu kwamba daktari wa meno ameona mabaya zaidi asubuhi hiyohiyo.

Baada ya kung'oa: ng'ata pamba dakika 30 bila kuchungulia kila mara. Siku hiyo usisukutue, usiteme mate kwa nguvu, usinywe kwa mrija, usivute sigara wala kubwia ugoro, maana donge la damu likitoka mfupa unabaki wazi, na maumivu yake, yanayoanza siku ya pili au ya tatu, ni makali kuliko ya jino. Dawa ya maumivu uliyoandikiwa meza ya kwanza kabla ganzi haijaisha. Mdomo unaweza kubaki mzito saa 3 hadi 5, kwa hiyo usile cha moto, na mtoto aangaliwe asijitafune mdomo. Saa 24 zikipita, sukutua taratibu kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya vuguvugu. Uvimbe unaoshuka shingoni, homa, kushindwa kumeza au kufungua mdomo, au kupumua kwa shida si mambo ya kusubiri asubuhi: ni hospitali, usiku huohuo.

Watoto huogopa walichofundishwa. "Ukiwa mtundu nitakupeleka ukang'olewe meno" ni sentensi inayofanya kazi kwa miaka thelathini. Vilevile usimwahidi kwamba hatasikia chochote. Mwambie atabanwa kidogo kisha mdomo utalala.

Wapo ambao hata haya yote hayatoshi, na woga huo wenyewe unastahili kutibiwa kama ugonjwa mwingine. Daktari anaweza kuandika kidonge cha kutuliza, kwa mfano diazepamu, cha kumeza usiku wa kuamkia siku hiyo au saa moja kabla. Usijinunulie. Kwenye hospitali kubwa inawezekana pia kufanyiwa ukiwa umelazwa usingizi, na hapo masharti ya kufunga kula yanabadilika, fuata ya kwao. Ukimeza kidonge, njoo na mtu mzima wa kukurudisha nyumbani, usiendeshe pikipiki wala kukaa nyuma ya bodaboda peke yako, na kwa saa 24 usisaini karatasi yoyote, hata ya chama cha msingi cha wakulima.