Gasketi ya hedi iliyoungua baada ya kuoveholi injini nyumbani

Injini ya Toyota 4A-FE niliyoioveholi (kuifungua na kuijenga upya) mwenyewe uani ilianza kuchemsha mapema tu. Moshi mweupe asubuhi, rejeta inatoa mapovu kabla injini haijapata moto, na chini ya kifuniko cha oili uji wa rangi ya chai ya maziwa. Hapo hakuna cha kubahatisha, gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi (kichwa cha injini) na bloku, imekwenda.

Kubadilisha gasketi peke yake ni kutupa hela. Niliweka rula ya chuma kwa mshazari juu ya hedi, nikapitisha fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya): ya milimita 0.10 ikapita kati ya silinda ya pili na ya tatu, wakati kikomo cha kupinda ni 0.05. Hedi ikaenda kusagwa ili inyooke. Bloku ilikuwa sawa, ila matundu ya bolti yalikuwa na maji na oili. Bolti ikigota kwenye majimaji, spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) inalia mapema huku hedi haijabanwa, na mafundi wengi hawalitaji hili. Nikayapuliza kwa kompresa hadi yakakauka.

Nikakaza bolti kumi, kuanzia katikati kwenda nje: kwanza kwa nguvu ya Nm 29, halafu nikazizungusha digrii 90, kisha 90 tena. Nikajaza kulanti (maji ya kupoza injini), nikatoa hewa. Sasa inapanda mlima Kitonga na mshale wa joto hausogei.