Nilivyopanga machapisho yangu mpaka kamati ikanielewa

Mimi ni mtafiti wa kichocho huku Mwanza, ila pepa zangu hazikai fani moja, zipo za vimelea, zipo za upungufu wa damu kwa watoto, na zipo za elimu ya afya mashuleni. Nilipoomba kupanda kuwa mhadhiri mwandamizi kamati ya vyeo ikaniambia h-indeksi yangu, ile namba inayopima pepa zako zimenukuliwa na watafiti wengine kiasi gani, iko chini ukilinganisha na mwenzangu anayefanya ukimwi. Hapo ndo nikaamua nikae niichambue hii kitu vizuri, maana hizi namba zinaamua vyeo vya watu na wengi wetu tunazipokea tu kama zilivyo.

Nilianza na jina. Kina dada mlioko kwenye utafiti hapa mnisikilize. Nilichapisha kwa jina la baba, nikaolewa nikachapisha kwa jina la mume, halafu kuna majarida yalichukua jina langu la katikati yakalifanya la ukoo, kwa hiyo Scopus, hifadhidata ya machapisho na nukuu zake, ilikuwa inanijua kama watu tofauti tofauti, kila mmoja na vipepa vyake vichache. Nikafungua ORCID, kitambulisho cha mtafiti mtandaoni, ni bure, unapewa namba ya tarakimu 16 ambayo inabaki yako hata ukibadili jina au chuo, nikaingiza kila pepa kwa DOI yake, yaani namba ya kudumu ya pepa mtandaoni. Kisha nikawaomba Scopus waunganishe zile profaili, nayo hailipiwi. Profaili ya Google Scholar, ile Google ya kutafuta pepa, unairekebisha mwenyewe, na zima kabisa ile ya kuongeza pepa bila kukuuliza, la sivyo unakuta umebandikwa kazi ya mtu wa fizikia mwenye jina kama lako, na mbele ya kamati hilo linakuchafua.

Hapo namba ikapanda kidogo lakini bado nilikuwa chini ya yule wa ukimwi, na hapa ndo penye kiini chenyewe. H-indeksi ilitolewa 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch, ukiwa na 12 maana yake una pepa 12 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 12, basi. Haijui uko fani gani. Ukimwi una watafiti wengi na hela nyingi, pepa zinatoka kila siku na kila moja ina marejeo marefu, kwa hiyo watu wananukuliana haraka, sisi wa kichocho tuko wachache tunafahamiana. Hata aina ya pepa ina mchango wake, ile ya Lowry na wenzake ya 1951 kuhusu kupima protini imenukuliwa zaidi ya mara 300,000 kwa sababu ni mbinu ambayo kila maabara ilikuwa inaitumia.

Kilichonikomboa ni iCite, tovuti ya NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani. Unabandika namba za pepa zako za PubMed, hifadhidata ya pepa za tiba na afya, inakupa kipimo kinaitwa RCR, yaani inachukua kasi ya pepa yako kunukuliwa kwa mwaka inailinganisha na kasi ya fani yake, na fani inaijua kwa kuangalia pepa zinazonukuliwa pamoja na yako. 1.0 ni pepa ya katikati kati ya zile zilizofadhiliwa na NIH. Sasa angalia, pepa yangu ya kulinganisha vipimo vya kinyesi kwa watoto wa visiwani imenukuliwa mara 21 tu, RCR ikatoka 1.8. Ya upungufu wa damu imenukuliwa mara 40 ikatoka 0.9. Ile niliyokuwa naiweka nyuma kwenye CV ndo ilikuwa na uzito zaidi kwenye fani yake! Aisee nilifurahi sana.

Kwa hiyo nikatengeneza jedwali moja, kila pepa na fani yake, mara ilizonukuliwa, RCR, na kazi niliyofanya mimi, kama nilibuni utafiti au nilichambua data, na zile pepa za waandishi mamia nikazitenga chini peke yake. Impact factor za majarida sikuweka hata moja, ile ni wastani wa nukuu za jarida zima, na DORA, azimio la kupima utafiti kwa haki lililoandikwa San Francisco 2012 linasema wazi isitumike kumpima mtu. Pepa za elimu ya afya nyingi zipo majarida ya huku kwetu na PubMed hazipo, hizo nikazitafuta AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika, na OpenAlex, orodha ya wazi ya machapisho, nikaandika pembeni halmashauri zilizotumia mafunzo yetu.

Kamati ilinirudishia maswali mawili matatu kuhusu RCR, nikajibu kwa maandishi, cheo kikapita. Prof mmoja kwenye kamati aliomba lile jedwali likiwa tupu awape wengine, nikampa. Na wewe ukitaka kulitengeneza, malizana na majina kwanza ndo uende iCite, na pepa za mwaka huu usizihesabie sana, RCR yake bado haijatulia.