CT mbili kwa mfuatano: nilivyoiamsha rilei ya kiwanda cha chai Mufindi

Kuhusu CT (transfoma ndogo za kupima mkondo wa kebo na kuupeleka ukiwa mdogo kwenye rilei), ushauri ulionichosha kuliko wote ni huu: "Fundi, ziunge sambamba zipate nguvu." Nimeusikia Mafinga, nimeusikia Mbeya, na huku Mufindi nilikuta mtu ameshautekeleza.

Transfoma ya kVA 500 iko uani, rilei (kifaa kinachohisi mkondo ukizidi na kuiamuru breka ikate) iko ndani kwenye paneli, umbali wa mita 60 hivi. CT zilikuwa za 800/5 (ampea 800 za kebo zinatoka 5), VA 15 (mzigo zinaoweza kuubeba), 5P10 (daraja la ulinzi: kosa lisizidi asilimia 5 hadi mara 10 ya mkondo wake). Shoti ilipopiga kwenye kebo ya kikaushio, rilei ilisuasua mpaka fyuzi za kilovolti 33 nje zikatangulia kukatika. Kiwanda kizima giza, na majani mabichi yamejaa.

Kosa liko kwenye waya. Waya wa milimita mraba 2.5, mita 120 kwenda na kurudi, una karibu omu 0.9. Kwa ampea 5 hiyo ni VA 22, rilei yenyewe bado hujaihesabu. Shoti ikija, chuma cha CT kinashiba sumaku mapema, mkondo unaofika kwenye rilei unapungua, nayo inachelewa kukata.

Fundi aliyenitangulia aliongeza seti ya pili ya CT, akaziunga sambamba. Nikaweka klampu mita: kebo ina ampea 400, waya wa rilei unasoma 5 badala ya 2.5! Rilei ilikuwa inaona mara mbili ya kilichopo, ndiyo maana kila wakiwasha vikaushio vyote breka ilikuwa inaanguka. Na ule waya mwembamba sasa ulikuwa unabeba mkondo maradufu, yaani tatizo lenyewe limeongezwa. Meneja alishaanza kuulizia breka mpya.

Nikaomba umeme uzimwe. CT zilikuwa pacha, fezi moja na kebo moja, kwa hiyo sikununua kitu zaidi ya waya na vituo vya kuungia, pesa ndogo tu. S1 na S2 ni ncha mbili za sekondari, upande wa CT unaokwenda kwenye rilei: S2 ya kwanza inaingia S1 ya pili. Uwiano unabaki 800/5, mzigo unagawanywa, kila moja inabeba nusu. Ardhi sehemu moja tu.

Ila maandishi ya S1 na S2 sikuyaamini, yalikuwa yamefutika nusu. Kila CT niliipima peke yake: nikapitisha waya kwenye tundu lake, upande wa P1 (mkondo wa kebo unakoingilia) nikagusisha chanya ya betri ya volti 9, na mita ya mshale kwenye sekondari, chanya yake S1. Ukigusa, mshale unaruka kulia; ukiachia, unarudi kushoto. Moja iliruka kushoto! Lebo zake zilibandikwa kinyume. Ningeiunga hivyo, CT hizo zingepingana, mkondo usingepata njia, na volti za hatari zingepanda kama vile sekondari imeachwa wazi. Baada ya betri nikaondoa sumaku iliyobaki kwa umeme wa AC, nikipandisha volti na kushusha taratibu mpaka sifuri.

Na jamani, praimari (yaani kebo kubwa) ikiwa na mkondo usifungue sekondari kabla hujaifunga shoti. Hilo halina mjadala.

Umeme uliporudi: 400 kwenye kebo, 2.5 kwenye rilei. Msimu wa mvua mota moja ikapiga shoti, breka yetu ikakata, fyuzi za nje hazikuguswa. Anayejenga upya anunue CT na rilei za ampea 1; kwa waya uleule mzigo wake unashuka mara 25, wala hatahitaji CT ya pili.