Machale, istikhara na pesa za mchele

Shemeji yangu alikuja na mpango wake kamili: anunue mpunga Kyela wakati wa mavuno, aukoboe, mchele auweke mpaka bei ipande ndipo aushushe Dar es Salaam. Alitaka nimtilie milioni tatu. "Shemeji, wewe kaa tu. Tupate tusipate, kila mwezi laki mbili yako, na mtaji wako hauguswi." Mume wangu alinyamaza, maana anayeomba ni mdogo wake na pesa ni zangu za kushona. Mie machale yakanicheza, ila ningeulizwa sababu nisingekuwa nayo.

Kwetu ukifika hapo kila mtu anakwambia, "Sali istikhara, utaoteshwa," yaani swala na dua ya kumwomba Allah akuchagulie la heri. Nimekua nikisikia kwamba ukiota kijani ni heri, ukiota cheusi ni shari. Safari hii nikaichukua dua yenyewe, ile aliyoipokea sahaba Jabir bin Abdillahi iliyomo katika kitabu cha hadithi cha Bukhari, nikaipitia na tafsiri yake. Habari ya ndoto haimo. Unaswali rakaa mbili zisizo za faradhi, kisha unamwomba Allah: ikiwa jambo hili ni heri kwangu katika dini yangu, maisha yangu na mwisho wa mambo yangu, nikadirie na unisahilishie, ikiwa ni shari, liepushe nami na uniepushe nalo, unikadirie heri popote ilipo, kisha uniridhishe nayo. Kumbe hata kuridhika kunaombwa.

Nikaswali. Sikuota kitu.

Basi nikachukua daftari langu la vipimo vya wateja, kurasa za nyuma, nikawa naandika moyo unasema nini na mwenyewe niko katika hali gani. Mtume (s.a.w.) amemkataza kadhi kuhukumu akiwa na ghadhabu, na wanavyuoni wakaongeza njaa, kiu na usingizi. Nami si nilikuwa kadhi wa nafsi yangu? Niliyoandika usiku, nimetoka kugombana na mteja wa sare ya harusi, yalikuwa vitisho vitupu: zitaliwa, nitachekwa. Nikayakata. Niliyoandika mchana nikiwa nimeshiba yalikuwa ada ya mtoto na cherehani ya pili. Hiyo tamaa, nayo nikaikata. Yaliyoandikwa baada ya swala ya Alfajiri, nyumba ikiwa bado imelala, yalikuwa yanarudia jambo moja tu: "tupate tusipate". Shemeji mwenyewe moyo haukumkataa. Ulikuwa unakwama kwenye maneno yake hayo.

Hadithi ya sahaba Wabisa bin Maabad, ile ya "uulize moyo wako", watu wanaipenda kwa sababu inaonekana kumruhusu mtu afanye anachotaka. Mwanachuoni Ibn Rajab ameeleza kwamba inamhusu mtu ambaye Allah amemkunjulia kifua kwa imani, na palipo na dalili ya sheria moyo haupingi. Kwa hiyo sikuukubali moyo wangu hivihivi. Nilimfuata ustadhi anayewasomesha wanangu madrasa.

"Na akipata hasara?" akaniuliza kabla sijamaliza.

"Ananirudishia zote."

"Basi dada yangu, hapo umemkopesha, na hizo laki mbili ni riba."

Akanieleza mudharaba. Mwenye mali na mwenye kazi hugawana faida kwa fungu walilokubaliana, nusu kwa nusu au theluthi. Hasara ikija bila uzembe, wa mali hupoteza mali na wa kazi hupoteza jasho lake. Kiasi maalumu cha pesa hakiahidiwi, na mtaji haudhaminiwi.

Mwingine niliyemuuliza ni mama anayeuza mchele sokoni, na yeye hakuniambia lolote la dini. Aliniambia tu kwamba mchele unatoka kwa mkopo, na wenye vibanda hawalipi kwa wakati. Kuna wanaoona kushauriana baada ya istikhara ni kumtilia shaka Mwenyezi Mungu. Kule Hudaybiyya, karibu na Makka, mwaka wa 6 Hijria, Mtume anateremshiwa wahyi na bado alifuata shauri la mkewe Ummu Salama, atoke achinje na kunyoa bila kusema na mtu. Sisi ni nani tusiulize?

Nikamwambia shemeji: milioni moja, mudharaba, faida nusu kwa nusu, na tuandikiane. Akacheka. "Hivyo utaumia wewe, shemeji." Akakasirika kidogo, mama mkwe akapiga simu, mume wangu akalimaliza kiume. Tukaandikiana. Msimu wa kwanza tuligawana faida ndogo, wa pili hatukugawana chochote. Pengine ningepokea zile laki mbili bila kukosa, sina namna ya kujua.

Sasa hivi lililo mezani ni la binti yangu kwenda shule ya bweni. Nimeswali, nimeandika. Kila asubuhi moyo unasita kwenye bweni, masomo hauyagusi. Jumamosi nakwenda kuliona bweni lenyewe, na nitazungumza na matroni.