Ada ya nini?

Maneno matatu tu. Tangu Jumatano jioni yananirudia nikifua, nikihesabu floti kwenye kibanda cha kutuma na kutoa pesa ninakofanya kazi, nikiwa darasani mbele ya mwalimu. Usiku ndiyo kabisa. Ngoja niyaandike, huenda yakatulia.

Jumatano saa kumi na moja jioni nililipa 137,000 za mwisho. Kibandani hakukuwa na mteja, na upepo wa Dodoma wa mwezi wa sita mnaujua, nilikuwa nimefunga kidirisha nusu. Nikaingiza namba ya malipo, tarakimu zote 12, nikaisoma tena kwa sauti kama ninavyowasomea wateja, nikabonyeza. Meseji ikaingia. Nikafungua akaunti yangu ya chuo: deni 0.

Mlio nami tangu mwaka wa kwanza mnajua hiyo sifuri imetoka wapi. Ada yetu ni 1,300,000 kwa mwaka. Bodi ya Mikopo ilinipangia asilimia 60, kwa hiyo 520,000 kila mwaka ni za kwangu, bado 50,400 za bima na 20,000 za TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Bumu, yaani pesa ya kujikimu, nalo silipati lote, na likitoka linaishia kwenye kodi na unga. Nimefanya hivyo miaka mitatu. Hii ya Jumatano ndiyo ilikuwa ya mwisho kabisa, hakuna mwaka wa nne.

Nikampigia Baba. Si Mama. Nilitaka yeye ndiye awe wa kwanza kusikia.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba mama. Kwema huko?"

"Kwema. Baba, nimemaliza ada."

"Ada ya nini?"

"Ya chuo, Baba."

"Aa. Haya, vizuri. Huku tumeanza kupura alizeti. Mama yako kaenda mashineni, akirudi nitamwambia umepiga."

Basi. Dakika moja na sekunde chache, nimeiangalia kwenye simu.

Hakuuliza kwa ukali, ningemwelewa akiwa mkali. Aliuliza kama mtu anayetajiwa kijiji asichokijua. Nimejaribu kuyasema mwenyewe, mara nikiweka mkazo kwenye "ada", mara kwenye "nini", nijue alimaanisha ipi. Halafu najijibu upya. Ningesema: ada ile, Baba, iliyonifanya mwaka wa pili nikose namba ya mtihani kwa sababu ya 86,000, mpaka Dada Neema akanipa pesa za mtaji wake wa vitenge siku mbili kabla ya mtihani. Ada inayonifanya nifunge kibanda saa nne usiku ndipo nifungue daftari. Lakini nilisema tu "ya chuo", kwa sauti ndogo, kana kwamba nimemsumbua.

Wiki hii Zuhura kajifungua pacha salama, utafiti wangu umepita kwa marekebisho madogo, na mwenye nyumba katangaza kodi itapanda. Mambo makubwa yote hayo, na mimi nimeshikilia maneno matatu.

Mpaka jana usiku nilikuwa na hasira tupu. Nilikuwa nimeloweka nguo, nimekaa kwenye ndoo, ndipo nikaanza kupiga hesabu ya miaka.

Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kulipa ada. Kaka aliishia la saba. Mimi niliingia kidato cha kwanza 2018, elimu bila malipo ilishaanza tangu Januari 2016. Nikaingia kidato cha tano 2022, mwaka uleule serikali ilipofuta ada ya kidato cha tano na sita. Baba anachokijua ni michango. Ya uji, ya mlinzi, debe la mahindi. Na hiyo alitoa, sitasema uongo. Alininunulia tranka la bluu Singida mjini. Fundi wa rangi akalikosea jina langu, akaruka herufi moja, na Baba akatoa kisu palepale dukani akaikwangua ile rangi mbichi kwa mkono wake, akamwambia fundi aandike upya, "huyu mtoto watampotezea vitu." Rangi nyeupe ilimganda kwenye kucha ya dole gumba. Tuliposhuka shuleni, yeye kabeba godoro kichwani, niliiona bado ipo.

Na nilipopangiwa mkopo, pale kijijini walisema "amepata mkopo" na kuku akachinjwa. Kwao mkopo maana yake Bodi imebeba kila kitu. Baba ndiye mdhamini wangu, fomu aliisaini mwenyewe kwa mwenyekiti wa kijiji, akauliza neno moja tu: "Hapa?" Akasaini. Hajui kuwa asilimia 40 ilibaki. Hajui kuwa nikiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara itakatwa kila mwezi mpaka deni liishe. Nani angemwambia? Mimi nilinyamaza, mwaka wa kwanza mpaka wa tatu. Niliogopa atauza yule ng'ombe wa kulimia. Niliogopa zaidi atasema hana, na nitasikia sauti yake anaposema hana.

Kwa hiyo sijui nimkasirikie nani. Kuna saa naona kosa ni langu. Halafu nakumbuka kwamba miaka mitatu ni mingi, na mzazi anaweza kuuliza "unaishije huko mama?" bila kujua lolote kuhusu ada. Hakuuliza. Hilo sijalimeza, na sitajilazimisha kulimeza usiku huu.

Nimeandika hesabu yote kwenye karatasi moja, mwaka kwa mwaka, kwa mwandiko mkubwa maana macho yake si ya zamani. Nitakwenda nayo nikimaliza mitihani. Sijui kama nitampa au nitaiacha kwenye begi.

Kitu kingine kinachoninyima usingizi ni ile simu ya kibanda. Betri imevimba, mfuniko wa nyuma umeinuka upande mmoja mpaka kadi ya simu inaonekana. Bosi anasema niibane na rababendi kwanza, mpaka mwisho wa mwezi. Natembea nayo kila jioni kwenye mkoba kwa sababu kibanda hakina kufuli la maana, na chumbani nalala na Pili na mtoto wake. Leo nimeizima, nimeiweka ndani ya sufuria tupu karibu na mlango, mbali na neti. Nimeamka mara mbili kuigusa kama ina joto.