Krugerrand mbili, na kwa nini sikuzituma kupimwa daraja

Nina Krugerrand mbili hapa Mtwara, zile sarafu za Afrika Kusini zenye sura ya Rais Kruger upande mmoja na swala upande wa pili: moja ya dhahabu ya mwaka 1978, nyingine ya silva ya mwaka 2018, zote za aunsi moja. Niliumiza kichwa kama nizitume Marekani zikapimwe daraja, zirudi zimefungwa ndani ya kasha gumu la plastiki lenye alama na namba. Mwishowe sikutuma hata moja, ila sababu ya dhahabu si sababu ya silva, na zipo sarafu ambazo ningezituma bila kusita.

Mtu wa kusini hahitaji kufundishwa daraja ni nini. Korosho ikifika kwenye ghala la chama cha msingi hutenganishwa la kwanza na la pili, na mnadani kila daraja lina bei yake. Kuchambua kunalipa kwa sababu upande wa pili yupo anayelipia tofauti. Ndiyo maana nilianza kumtafuta mnunuzi kwanza, sarafu yenyewe ikasubiri.

Mnunuzi wa karibu ni sonara. Anapima, anajaribu, anapiga hesabu ya dhahabu safi iliyomo kwa bei ya siku, anatoa chake. Nilimuuliza mmoja wa hapa mjini angeongeza kiasi gani kama sarafu ingekuwa kwenye kasha lenye alama kubwa. Akanijibu, "Mzee wangu, hilo boksi nitalivunja kwanza ndipo nipime." Kwake plastiki ni usumbufu. Anayelipia alama ni mkusanyaji, na wengi wao wako Afrika Kusini, Ulaya na Marekani.

Alama zenyewe zinaanzia 1 hadi 70. Kipimo hicho alikitunga William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za zamani za Marekani, na kampuni mbili zinazoaminika zaidi leo, PCGS ya California iliyoanza 1986 na NGC ya Florida iliyoanza 1987, zinakitumia hicho hicho. Kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu ambayo haijawahi kutumika sokoni. 70 ni ile isiyoonyesha dosari yoyote ikikuzwa mara 5. Kati ya 69 na 70 jicho tupu kwa kawaida haliambulii kitu, lakini pesa zote ziko kwenye hatua hiyo moja.

Kuiangalia sarafu mwenyewe kabla ya kulipa mtu kunahitaji lenzi ya kukuza mara 5 na taa moja tu. Zima taa za dari. Ishike ukingoni kwa vidole viwili, juu ya mto au godoro, maana ikidondoka kwenye sakafu ya saruji umemaliza habari. Iinamishe polepole ili mwanga utembee juu ya uso wake. Kwenye Krugerrand naangalia kwanza shavu na ndevu za Kruger, kisha paja na bega la yule swala, kisha sehemu tupu zisizo na mchoro, mwisho ukingo. Mikwaruzo inayokwenda upande mmoja kama nyuzi za kanga ni dalili ya kufutwa kwa kitambaa. Ukingoni juu natafuta alama ya risasi ya kuchomelea: sarafu nyingi zimewahi kuvaliwa kama kidani, na iliyochomelewa pete haipewi namba ya kawaida hata ikisafishwa vipi. Itaandikwa tu kwamba ni halisi na ina kasoro.

Ya kwangu ya 1978 ina michubuko miwili shavuni na mmoja mdogo ukingoni. Dhahabu ya karati 22 yenye shaba ndani yake ni ngumu kuliko ya karati 24, lakini sarafu hizi zilipigwa kwa mamilioni mwaka ule na zilisafirishwa zikigongana. Kwa macho yangu ingepata 62 hadi 64. Krugerrand ya 1978 yenye alama hiyo inauzwa kama dhahabu tu, kwa hiyo ada ningeilipa mimi na isingerudi.

Ile ya silva ni mpya na safi, na hapo ndipo watu wengi hujidanganya. Mashine za siku hizi zinatoa sarafu nzuri mno kiasi kwamba 69 ni jambo la kawaida, na 69 huuzwa kwa nyongeza ndogo sana juu ya isiyopimwa. Ukituma sarafu ya silva ya miaka ya karibuni unacheza bahati nasibu ya 70. Ya kwangu ina doa jeupe, kama tone la maziwa lililokauka, karibu na pembe ya swala. Madoa haya yanahusishwa na mabaki ya kemikali kwenye kipande cha silva kabla hakijagongwa chapa. Hayatoki kwa kufuta, na yanaweza kujitokeza hata sarafu ikiwa tayari ndani ya kasha la alama 70. Hilo la mwisho ndilo lililoniondolea hamu kabisa.

Hesabu ya gharama ifanye kwa oda nzima. Tuseme ada ni dola 25 kwa sarafu, kushughulikia oda dola 10, kurudishiwa kwa bima dola 40, na kutuma kutoka huku dola 60. Sarafu mbili zinakula dola 160, yaani 80 kila moja. Sarafu 20 kwa pamoja zinashuka hadi dola 30 na nusu kila moja, kwa sababu zile 110 za pamoja zimegawanywa. Mwenye sarafu moja au mbili za kawaida anapoteza kabla hata alama haijatoka.

Halafu kuna njia yenyewe. Kanuni za Umoja wa Posta Duniani haziruhusu sarafu na madini ya thamani kwenye barua isiyo na bima, na kampuni za vifurushi nazo zina orodha za vitu wasivyopokea au wasivyovilipia vikipotea. Soma orodha hiyo kabla hujafunga kifurushi, usisubiri kuambiwa dirishani. Ukiandika "zawadi" ili kukwepa maswali, umejifutia bima mwenyewe.

Kilichobaki kwenye kasha ambacho ningekitaka kweli ni uhakika kwamba dhahabu yangu ni dhahabu. Uhakika huo, kwa Krugerrand, unapatikana nyumbani kwa sehemu kubwa. Unahitaji mizani ya sonara inayosoma gramu 0.01, venia ya fundi mitambo (kifaa cha kupimia kipenyo na unene), kikombe cha plastiki, uzi na maji.

Krugerrand ya aunsi moja ina gramu 33.93, kipenyo milimita 32.77, unene karibu milimita 2.84. Inazidi aunsi, ambayo ni gramu 31.1, kwa sababu ya ile shaba. Feki ya shaba nyeupe au ya manjano iliyopakwa rangi ya dhahabu, ikiwa na vipimo hivyo hivyo, itakuwa na gramu 16 au 17 tu, nusu ya inayotakiwa. Mwenye kughushi akitaka kufikisha uzito kwa risasi, lazima aifanye nene kupita milimita 4. Kwa hiyo uzito na unene vikikubali kwa pamoja, feki nyingi zimeshaanguka.

Kisha maji. Weka kikombe chenye maji juu ya mizani, rudisha mizani kwenye sifuri. Ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba wa kushonea, izame yote bila kugusa chini wala pembeni, soma. Kwa Krugerrand ya dhahabu napata 1.94 au 1.95. Hiyo ni namba ya ujazo wake; gawa 33.93 kwa namba hiyo upate takriban 17.4, yaani gramu kwa kila sentimita moja ya ujazo, kama inavyotakiwa kwa dhahabu ya karati 22 yenye shaba. Silva ya gramu 31.1 inasoma kama 2.97, na ya shaba iliyopakwa silva yenye uzito huo ingesoma karibu 3.5. Kinachoharibu kipimo hiki ni vitu vidogo: feni ya dari inayopepea mizani (zima), viputo vya hewa vinavyonasa kwenye meno ya ukingoni (tone moja la sabuni ya maji, na uzamishe polepole), na uzi mnene. Kwa silva usitumie maji ya kisima, yanaacha alama. Tumia maji safi ya betri, yale yasiyo na asidi, na usome chupa mara mbili kwa sababu dukani vinakaa rafu moja. Ukimaliza gandamiza kwa pamba, usisugue.

Kipimo cha maji hakimkamati aliyetumia tangsteni kwa ustadi, maana uzito wake unakaribiana sana na wa dhahabu safi. Hapo msaada ni sauti: iweke sarafu kwenye ncha ya kidole, igonge ukingoni kwa penseli ya mbao. Krugerrand inalia kama kengele ndogo na mlio unakaa. Yenye moyo wa tangsteni inatoa mlio mfupi mzito na kunyamaza. Mashine ya miale inayosoma karati ni nzuri, ila inasoma ngozi ya juu tu.

Na meno ya ukingoni: ya kawaida yana 160, ile ya kung'arishwa kwa wakusanyaji ina 220. Huna haja ya kuzunguka sarafu nzima. Piga picha ya ukingo kwa simu pamoja na rula, hesabu kwenye sentimita moja. Ukipata 15 au 16 ni ya kawaida. Ukipata 21, tulia, hiyo ni ya wakusanyaji na hesabu yake ya daraja ni nyingine.

Nani basi ningemshauri atume? Mwenye Krugerrand ya 1967, mwaka wa kwanza, ikiwa haina mchubuko. Mwenye oda ya sarafu kumi na kuendelea zilizotoka moja kwa moja kwenye pakiti. Na yeyote mwenye ile rupia 15 ya dhahabu iliyopigwa Tabora mwaka 1916, yenye tembo. Ina gramu 7.17 tu, dhahabu robo tatu, lakini zilipigwa 16,000 na ushee, bei yake iko juu sana ya dhahabu iliyomo, na feki zimejaa. Huku kila sarafu ikionekana watu huuliza kama ni rupia ya Mjerumani. Kwa hiyo moja, swali lao lina maana.

Kama kuna uwezekano wa kutuma baadaye, usisafishe. Limau na majivu yanayong'arisha bangili yanaua sarafu, dawa ya meno vilevile. Hewa yetu ya bahari ina chumvi na unyevu, kwa hiyo zangu ziko kwenye kapsuli ngumu, ya milimita 33 kwa dhahabu na 39 kwa silva, ndani ya kopo lisilopitisha hewa pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu. Sifungi kwa mpira wa manati wala gazeti, vina salfa inayotia silva weusi. Wala vifuko vya plastiki laini vyenye harufu, hivyo huacha ute wa kijani. Chini ya kila kapsuli kuna kikaratasi: uzito, kipenyo, unene, namba ya maji, tarehe. Atakayeifungua baada yangu apime tena alinganishe.