Kuni Mgongoni mwa Isaka

Wapendwa, juma hili nimekaa na Mwanzo 22, na kilichonishika safari hii ni kuni. Ibrahimu, aliyeambiwa na Mungu amtoe mwanawe sadaka, alimtwika Isaka kuni, moto na kisu akavichukua mwenyewe. Mtoto anapanda mlima na kitakachomteketeza kiko mgongoni mwake, naye anauliza tu: yuko wapi mwana-kondoo?

Mwisho wake tunaujua. Kondoo dume alinaswa pembe kichakani, Isaka akafunguliwa. Lakini 2 Nyakati 3:1 inatuambia Sulemani alijenga hekalu juu ya mlima Moria, na Moria ndiyo nchi aliyotumwa Ibrahimu. Basi wanyama wote waliochinjwa hapo walichinjwa pale ambapo mtoto aliachwa hai!

Ndiyo maana moyo unaniuma nikisoma habari za bonde la Hinomu, chini tu ya Yerusalemu. Huko Ahazi na Manase, wafalme, uzao wa Ibrahimu kabisa, waliwapitisha wana wao motoni, yaani waliwateketeza kuwa sadaka. Kwa kinywa cha Yeremia (7:31) Bwana anasema jambo hilo hakuliagiza, wala halikuingia moyoni mwake. Tafadhali lisome neno hilo polepole.

Katika Mambo ya Walawi 1, mtoaji wa sadaka anaweka mkono juu ya kichwa cha mnyama, kisha anamchinja. Kiganja kinagusa manyoya yenye joto, mnyama anapumua chini yake. Huwezi kusema hukujua nani anakufa. Na maskini asiyeweza kondoo alileta hua wawili. Wakimshinda hao, alileta unga (sura ya 5).

Daudi naye, kwenye uwanja uleule wa kupuria nafaka ambapo hekalu lilikuja kujengwa, alipewa ng'ombe bure na Arauna, mwenye uwanja huo. Akakataa. Hakutaka kumtolea Bwana sadaka asiyoigharimia, akalipa shekeli 50 za fedha (2 Samweli 24:24). Ahazi aligharimia nini? Aliyelipa ni mtoto.

Nami namwona Ahazi karibu kuliko ninavyopenda. Mzazi anaweka nadhiri, mwanawe ndiye anayeitimiza. Kiongozi anasifiwa kwa kujitoa, na nyumbani kwake kuna watu waliochoka kubeba utumishi wake. Mimi mwenyewe nimewahi kuita sadaka muda ambao ulikuwa wa wanangu.

Kwa hiyo kabla ya kupeleka chochote mbele za Bwana Jumapili hii, nitawauliza walio nyumbani kwangu ni kuni gani nimewatwika.